Chumba cha siku chache Mjini Unguja: mwongozo kamili wa kuchagua bila kujuta

Kila ikija likizo, sikukuu au msimu wa harusi, malalamiko ni yale yale. Mtu katoka Dar es Salaam, Tanga au Pemba, kalipia chumba kwa simu baada ya kuona picha, kafika Unguja jua likizama. Bomba halitoi maji, teksi imemshusha mbali na mlango, bei imepanda, au chumba chenyewe si kile cha kwenye picha. Watoto wamechoka, boti ya kurudi hakuna mpaka kesho, na pesa imeshatoka.

Karibu wote wanaoharibikiwa huanza na picha na bei. Mimi nasema anza na mahali, kisha maji, halafu ndiyo uulize bei. Ukifuata mpangilio huo, utaokoa safari yako hata kama mfuko ni mdogo.

Mwongozo huu ni wa anayekaa kati ya usiku mmoja na wiki moja, katika gesti, hoteli ndogo au fleti ya kupanga kwa siku.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujapiga simu

- Kitambulisho cha Taifa, cha Mzanzibari mkaazi, au pasipoti. Mapokezi wataandika taarifa zako kwenye daftari la wageni.
- Mke na mume: picha ya cheti cha ndoa kwenye simu. Baadhi ya nyumba huiuliza, khasa zile zinazoendeshwa na familia, na saa nne usiku si wakati wa kuanza kubishana.
- Namba za nyumba tatu, zote za mtaa mmoja au mitaa inayopakana.
- Shilingi taslimu, zikiwemo noti ndogo za mchukuzi na daladala.
- Pawabenki iliyojaa, na chaja ya plagi yenye pini tatu bapa, maana soketi nyingi za hapa ni za aina hiyo.
- Kufuli dogo, ndala, na kanga mbili. Kanga hutumika kama taulo, shuka na pazia.
- Ramani ya mji iliyohifadhiwa kwenye simu ili ifunguke bila intaneti.

## Hatua ya 1: Anza na shughuli yako, kisha chagua mtaa

Andika kwenye karatasi unakwenda kufanya nini, wapi na saa ngapi. Mtu wa siku mbili tatu hana muda wa kupoteza barabarani. Chumba cha bei ndogo kilicho mbali na shughuli hulipwa mara mbili, kwanza kwa mwenye nyumba, kisha kwa dereva wa teksi.

Mji Mkongwe unamfaa aliyekuja kutembea. Forodhani, Ngome Kongwe, bandari ya Malindi na soko la Darajani, kote unafika kwa miguu. Kuta za nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na mchana ndani hukaa baridi kuliko nyumba za matofali ya saruji.

Tatizo lake ni njia. Vichochoro ni vyembamba, gari haiingii, kwa hiyo mzigo utabebwa kichwani au kwa mkokoteni. Nyumba ni za ghorofa, ngazi zake zina mwinuko mkali, na lifti katika gesti za kawaida hakuna. Ukiwa na mzee, mjamzito au mtu mwenye goti bovu, sema mapema kwamba unataka chumba cha chini.

Tena mitaa yake haifanani. Malindi iko jirani na bandari, nzuri kwa anayeondoka na boti ya asubuhi, lakini harakati zake huanza kabla hakujapambazuka. Shangani ndiko ziliko hoteli nyingi za watalii, bei iko juu, na baadhi ya kona zina muziki mpaka usiku. Kiponda na Mkunazini ni kimya zaidi usiku na Darajani iko karibu, ingawa mgeni hupotea njia siku ya kwanza. Vuga iko ukingoni, gari inafika.

Anayekuja kumuuguza mtu Hospitali ya Mnazi Mmoja namshauri bila kusita: tafuta Vuga, Mkunazini au Kikwajuni. Utapeleka chakula mara tatu kwa siku kwa miguu, na ukiitwa usiku hutatafuta usafiri. Hata kama chumba kimezidi bei kidogo, kichukue.

Ng'ambo, yaani Kikwajuni, Michenzani, Amaan na mitaa ya jirani, kunamfaa aliyekuja kwa harusi, mtihani au shughuli za ofisini. Chakula ni cha bei ya wenyeji na daladala haziko mbali.

Kiembesamaki, Mazizini, Mbweni na Chukwani ziko upande wa uwanja wa ndege. Ndiko pa kutafuta fleti yenye jiko na uwanja wa watoto, au chumba kwa anayeruka alfajiri. Aliyevusha gari yake kwa meli au aliyekodi, huku ndiko pake pia. Muulize mwenye nyumba gari italala ndani ya geti au barabarani, na geti linafungwa saa ngapi.

Bububu, kaskazini ya mji, ni kwa anayetaka utulivu na pwani, na daladala namba 502 humfikisha. Mwenye shughuli chuo kikuu cha SUZA, Tunguu, asilale Mji Mkongwe. Alale upande wa Mwanakwerekwe, ambako tayari yuko kwenye njia.

Hatua hii imekamilika ukiwa na jina la mtaa mmoja, na wa pili wa akiba.

## Hatua ya 2: Linganisha tarehe zako na kalenda ya Unguja

Vyumba hujaa na bei hupanda katika sikukuu za Idi, mwisho wa mwaka, kuelekea sherehe za Mapinduzi tarehe 12 Januari, na wakati wa tamasha la Sauti za Busara mwezi wa Februari. Kwa siku hizo weka nafasi wiki kadhaa kabla.

Masika, kati ya Machi na Mei, mambo hugeuka. Wageni hupungua na bei hujadilika. Nenda bila hofu, ila dai chumba kisichovuja.

Ukija mwezi wa Ramadhani, uliza mambo mawili: chakula cha mchana kwa mtoto, mgonjwa au asiyefunga kinapatikana ndani ya nyumba? Na daku je? Migahawa mingi ya mjini hufungwa mchana, na kula hadharani ni kuwavunjia wenyeji heshima.

Joto nalo lina majira yake. Disemba mpaka Machi, wakati wa kaskazi, chumba cha juu chini ya bati hakilaliki kwa feni peke yake. Juni mpaka Septemba, wakati wa kusi, feni inatosha na alfajiri utataka shuka.

## Hatua ya 3: Piga simu uulize maji

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu huuliza vibaya. Ukisema "Maji yapo?" utajibiwa "Yapo." Aliyejibu hakusema uongo. Yapo saa hiyo.

Elewa kwanza maji yanavyofika bombani. Katika mitaa mingi maji ya ZAWA, yaani Mamlaka ya Maji Zanzibar, huja kwa zamu, si saa zote. Nyumba huyapokea kwenye tangi la chini, mota huyasukuma mpaka tangi la juu ya paa, kisha hushuka yenyewe vyumbani. Nyumba isiyo na tangi la juu hutegemea mota moja kwa moja. Umeme ukikatika, bomba hufa hapo hapo, na wewe una sabuni usoni.

Basi mazungumzo yaende hivi:

"Assalamu alaykum, dada. Nataka chumba cha watu wawili, Ijumaa mpaka Jumatatu."

"Waalaykumu salaam. Karibu, kipo."

"Ahsante. Maji ya ZAWA hapo kwenu huja saa ngapi?"

"Huja usiku, lakini tuna tangi."

"Tangi lipo juu ya paa au chini? Umeme ukikatika, maji yanashuka chumbani?"

"Lipo juu. Yanashuka."

"Ni la lita ngapi, na vyumba vingapi vinalitumia?"

Swali la mwisho lina hesabu yake. Tangi la lita 1,000 kwa vyumba 10 vya watu wawili wawili ni lita 50 kwa kila mtu. Zinatosha kuoga na kutumia choo kwa siku moja. Maji yasipokuja usiku huo, kesho yake ni ndoo na kata. Tangi hilo hilo kwa vyumba vinne halina shida.

Uliza pia kama maji ni ya ZAWA au ya kisima. Visima vya karibu na pwani mara nyingi vina chumvi. Sabuni haitoi povu na nywele hukakamaa. Yanaogeka, ila mwenye mtoto mchanga au ngozi nyepesi achague kwingine. Maji ya kunywa nunua kwa vyovyote vile.

Onyo: ukisikia "usijali, ukifika tutaona", kata simu kwa adabu, piga namba ya pili. Anayeijua nyumba yake hujibu swali la tangi bila kufikiri. Unapata majibu matatu ya wazi, kuhusu saa, tangi na idadi ya vyumba, ndipo uendelee.

## Hatua ya 4: Umeme, feni na hewa

Kama ni gesti au hoteli, uliza kama kuna jenereta na huwashwa saa ngapi mpaka saa ngapi. Jenereta inayozimwa saa sita usiku ndiyo inayokuacha bila feni wakati joto la chumbani halijatoka.

Kama ni fleti, uliza nani ananunua TUKUZA, yaani umeme wa kulipia kabla. Fleti nyingi zina mita ya malipo ya kabla, na mgeni hukuta uniti mbili zimebaki usiku wa kwanza. Ukifika, piga picha ya mita inayoonesha uniti zilizopo, na chukua namba ya mita ili uweze kununua mwenyewe kwa simu. Kiyoyozi cha usiku kucha hula uniti nyingi, kwa hiyo kubalianeni kabla kama bei ya siku ina umeme ndani yake.

Uliza na dirisha. Baadhi ya vyumba vya Mji Mkongwe havina dirisha la nje. Vinafungukia ukumbi au kisima cha hewa cha katikati ya nyumba. Vina giza na ukimya, wapo wanaovipenda, lakini bila kiyoyozi hewa huwa nzito.

## Hatua ya 5: Bei na malipo

Usiulize bei tu. Uliza bei ya chumba au ya kila kichwa, kwa usiku mmoja, pamoja na kodi, pamoja na chai ya asubuhi au bila. Mtoto wa umri gani halipiwi? Bei ikitajwa kwa dola, omba ya shilingi, na ujitambulishe kuwa wewe ni mwananchi. Nyumba nyingi zina bei ya mkaazi, ila hazitangazi mpaka uulize.

Kubalianeni saa ya kuingia na ya kutoka. Boti ya mchana hukufikisha chumba kikiwa tayari, lakini boti ya kwanza ya asubuhi yaweza kukufikisha aliyelala humo hajatoka. Uliza kama wataweka mizigo yako bila malipo.

Sasa malipo, na hapa kuwa mkali. Kuna watu huchukua picha za nyumba za wengine, wakaweka namba zao za simu, wakakusanya pesa za watu. Wengi huona aibu kulalamika, na ndiyo maana mchezo huu unaendelea. Jikinge hivi:

Omba video fupi ya chumba, ianze mlango wa nje wa nyumba, ipande ngazi, iingie chumbani, imalizike kwa bomba kufunguliwa. Mwenye nyumba halali atairekodi kwa dakika tatu na kukutumia kwa WhatsApp.

Nyumba za wageni hupata leseni kupitia Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Omba jina la nyumba lililo kwenye leseni, na ulilinganishe na lile uliloambiwa.

Unapotuma pesa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa la mtu asiyehusika na aliyezungumza nawe, simama, uliza.

Lipa arubuni ya usiku mmoja, si zaidi, na uandikiwe ujumbe: jina lako, tarehe, idadi ya watu, bei kamili, kilicholipwa na kilichobaki, na masharti ukiahirisha. Ujumbe huo ukiwa kwenye simu yako, una chumba. Bila huo, una ahadi tu.

## Hatua ya 6: Fika mchana

Safari ya boti ya kasi kutoka Dar es Salaam huchukua karibu saa mbili. Ukiweza, epuka boti ya jioni kwa safari ya kwanza. Anayefika saa nane mchana akakuta chumba kibovu ana muda wa kutafuta kingine. Wa saa mbili usiku hukubali chochote.

Nje ya geti la bandari utawakuta mapapasi, yaani madalali wa wageni, watakaokwambia nyumba yako imejaa au imefungwa, na wanayo nzuri zaidi. Wajibu kwa upole, "Ahsante ndugu yangu, napokelewa," uendelee na safari. Kabla hujaondoka hapo mpigie mwenye nyumba mwenyewe, uthibitishe.

Kwa nyumba ya Mji Mkongwe, usitegemee ramani ya simu peke yake. Hukosea kwenye vichochoro. Omba alama mbili ambazo kila mtu anazijua, kama msikiti na duka, na uombe kijana wa nyumba akupokee kwenye alama ya kwanza. Ukitumia mchukuzi, patana bei kabla mzigo haujaondoka chini. Anayetua uwanja wa ndege na mzigo mdogo anaweza kupanda daladala namba 505.

## Hatua ya 7: Kagua chumba kabla ya kulipa kilichobaki

Acha mizigo mapokezi. Panda mwenyewe, chukua dakika kumi, na usione haya. Ni haki yako, na wenye nyumba wazuri wamezoea.

Anza bafuni. Fungua bomba la sinki na la kuogea kwa pamoja, kisha vuta maji ya choo. Angalia kama bomba la kuogea limefifia mpaka kuwa uzi. Subiri tangi la choo lijae tena. Likikawia sana, maji ya juu ni haba au bomba limeziba. Tazama sakafu: maji yanakwenda kwenye tundu au yanarudi mlangoni? Nusa. Harufu ya mtaro saa nane mchana itazidi usiku mlango ukifungwa.

Kisha ukuta. Katika nyumba za mawe, pitisha kiganja kwenye chokaa nyuma ya kitanda, karibu na sakafu. Ikibaki unga mweupe mkononi na rangi imevimba, unyevu unapanda kutoka chini; godoro litakuwa na ukungu na mwenye pumu hatalala. Inua macho kwenye boriti. Alama za maji za rangi ya chai ni dalili ya paa linalovuja. Ukiona ufa mpana unaoshuka ukutani, au dari iliyoinama, ondoka bila mjadala. Mvua huzilemea nyumba kongwe, na mwaka 2020, tarehe 25 Disemba, sehemu ya Beit al-Ajaib yenyewe, lile jumba la kale la Forodhani, iliporomoka ikaua watu.

Mlango ufungwe kwa ndani kwa komeo, si kwa ufunguo tu. Chandarua kifunuliwe chote, kitazamwe dhidi ya mwanga, matundu yaonekane. Malaria imeshuka sana Zanzibar, lakini mbu wapo, na homa ya dengi huletwa na mbu wa mchana. Washa feni mpaka mwisho usikilize. Chomeka simu uone inachaji. Inua kona ya shuka, tazama mishono ya godoro: vidoa vyeusi ni dalili ya kunguni.

Mwisho fungua dirisha, utulie kidogo. Kuna jenereta ya jirani chini yake? Baa? Adhana ya alfajiri utaisikia popote mjini, na huo ndio mji wenyewe. Ila asiyeweza kulala tena baada ya kuamka aombe chumba kisichotazamana na spika.

Kasoro ikiwa ndogo, omba irekebishwe kabla hujalipa. Ikiwa ni maji, unyevu au komeo, omba chumba kingine. Hakuna kingine? Sema hivi: "Samahani kaka, chumba si kama tulivyokubaliana. Naomba arubuni yangu, au unikate kiasi, nitafute pengine." Usipandishe sauti. Onesha ule ujumbe wa Hatua ya 5 na ile video. Mara nyingi mtaelewana, na namba ya nyumba ya pili unayo mfukoni.

## Hatua ya 8: Lipa usiku kwa usiku, kisha ondoka vizuri

Ukiridhika, lipa usiku wa kwanza na wa pili, dai risiti, na ubakishe wa mwisho mpaka umelala usiku mmoja. Umelala bila kuamshwa na joto, umeoga asubuhi bila ndoo, na umefika kwenye shughuli yako bila teksi: hapo umepata chumba. Lipa kilichobaki.

Jioni kabla ya kuondoka mwambie mtu wa mapokezi saa ya boti yako. Mlango wa nje wa nyumba nyingi za Mji Mkongwe hufungwa usiku, na mwenye ufunguo hulala. Bila taarifa, utasimama ndani ya mlango huku boti ya asubuhi ikipakia. Kama uliweka amana ya ufunguo au ya fleti, kagueni vyumba pamoja usiku huo, na uipokee kabla ya kulala. Piga tena picha ya mita.

Siku ya safari, uwe bandarini mapema na tiketi na kitambulisho mkononi, maana foleni ya ukaguzi wa mizigo huwa ndefu, na geti likishafungwa halifunguliwi kwa ajili ya mtu mmoja.